Mashua kuukuu: uitengeneze au ununue nyingine?

Kabla hujauza mashua yako ya mbao na kukopa hela ya boti ya faiba, ipandishe pwani wakati wa bamvua, maji makubwa, uiache ikauke vizuri. Kisha chukua bisibisi nyembamba, ichokoe kwa ndani: mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mataruma (mbavu zake), na hasa kule kwenye ngama maji yanakotuama. Chokoa pia kuzunguka misumari.

Ncha ikigota, mti ungali mzima. Mbao chache za ubavuni zikibadilishwa, ukatia kalafati mpya ya kuziba nyufa na kupaka deheni, mafuta ya kuzuia maji, chombo kinarudi kazini. Ila ikizama kwenye mkuku kama kwenye muhogo uliooza, tafadhali usiendelee kumwaga pesa. Msumari mpya hauna pa kushika, na bahari ikichafuka ni roho za watu.

Faiba hailiwi na wadudu wanaotoboa mbao, lakini ikipasuka inataka resini na fundi anayeijua. Hakikisha yupo dikoni kwenu. Na kama shida yako ni mwendo tu, usikimbilie kufunga injini kubwa kwenye shetri (nyuma ya chombo) kuukuu. Mtetemo hulegeza maungio.