Msosi, mazoezi na jua shuleni: anza na ratiba, mabango baadaye

Walimu wenzangu, wazazi, na nyie wa kamati za shule, hii naandika kama mwalimu wa afya wa shule ya msingi huku Dodoma, na nitaandika kama navyoongea, msitegemee mpangilio wa ripoti. Kila mwaka tunaambiwa tuhamasishe lishe bora na mazoezi, basi tunachukua manila, tunachora chungwa na samaki, tunabandika ofisini kwa mwalimu mkuu ambako hata watoto hawaingii, imeisha hiyo. Afu mtoto anatoka getini anakutana na pipi na juisi ya rangi kwa shilingi 100. Nani kashinda hapo?

Mimi nimekuja kuona kwamba mambo mengi haya yanatatuliwa na vitu viwili, saa na sehemu. Yaani kitu kinafanyika saa ngapi na kinafanyikia wapi. Hela inahitajika ndio, ila sio kwa kiasi tunachodhani.

Nianze na jua kwa sababu ndo linasahaulika kuliko yote. Watu husema sisi weusi jua linatufanya nini. Kwa ngozi ni kweli kiasi, mtoto mwenye ngozi nyeusi ana kinga yake ya asili, shida yake kubwa juani ni joto, kukaukiwa maji, kichwa kuuma na macho. Lakini mtoto mwenye ualbino hana kabisa hiyo kinga, kwake jua la utotoni ndo linaleta saratani ya ngozi ukubwani, na wengine hata huo ukubwa hawaufikii vizuri. Kwa hiyo shule yenye mtoto hata mmoja wa hivyo lazima ijipange, na ukijipanga kwa ajili yake na wengine wote wanafaidi kivuli.

Niwaambie nilichofanya mimi. Kuna siku tulikuwa na wageni, na mimi ndo mwalimu wa zamu. Walisema watafika saa 4, tukapanga watoto mstarini saa 3 na nusu, wageni wakafika saa 6 kasoro. Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu mwenye ualbino, alikuja na kapelo yake, na mimi kwa mdomo wangu nikatangaza kofia zote zivuliwe kwa heshima ya wageni. Kesho yake hakuja. Keshokutwa bibi yake akamleta, hakugomba wala nini, alimgeuza tu mtoto shingo ili niione. Malengelenge toka nyuma ya masikio mpaka kwenye kola. Toka siku hiyo kofia kwenye mstari wetu sio utovu wa nidhamu.

Sasa fanyeni hivi. Kwanza fundisha watoto wote kipimo cha kivuli, hakihitaji kifaa chochote: simama juani uangalie kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe basi jua ni kali na ni muda wa kukaa chini ya mti. Huku kwetu kinakuwa kifupi kuanzia mida ya saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 9 na nusu hivi alasiri. Watoto wanakipenda, wanapimana wenyewe, na ukishawafundisha watakusuta wewe mwalimu ukiwaweka juani saa 6.

Pili, angalia ratiba yako ni vitu gani vinaangukia ndani ya huo muda. Mstari wa asubuhi saa 1 na nusu hauna shida. Shida ni ule mstari wa kufungia shule saa 8 mchana, matangazo nusu saa, watoto wana njaa na jua liko utosini. Sisi tumeuhamishia chini ya miarobaini, na matangazo marefu yanasemwa asubuhi. Usafi wa mazingira na kumwagilia bustani ni asubuhi au jioni. Na ile adhabu ya kupiga magoti juani, jamani, hiyo iondoeni tu kwa watoto wote.

Tatu ni mavazi, na hapa ndo ugomvi na walimu wa nidhamu unapoanza maana sare ni sare. Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, soksi, na kofia ya pama muda wote. Kapelo haitoshi, inakinga paji la uso na pua kidogo basi, masikio na shingo vinaungua. Zile pama za ukindu za sokoni ni bei nafuu ila nyingi zimesukwa kwa nafasi nafasi, iinue juu uiangalie, ukiona vitobo vya mwanga basi na jua linapita humo humo. Sisi tulimpa fundi cherehani ashonee kitambaa cha kaki kwa ndani, kazi ya dakika chache. Mwambie na kiranja wa zamu ajue, manake unaweza kuwa umeelewana na walimu wote afu kiranja wa darasa la saba anamvua mwenzie kofia getini.

Losheni ya kukinga jua sio urembo, na mafuta ya mgando hayazuii jua hata ukijipaka kopo zima. Tafuta yenye SPF, yaani kipimo cha kukinga jua kinachoandikwa kwenye chupa, 30 kwenda juu. Kuna losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, hiyo imetengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino na wanapewa bure kupitia kliniki za ngozi, ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino wa eneo lako. Kosa la wengi ni kupaka kiduchu kama mtu anayeogopa iishe. Kwa mtu mzima inatakiwa kama kijiko cha chai kwa uso na shingo na kingine kwa kila mkono, mtoto inapungua kidogo. Anapaka nusu saa kabla ya kutoka na anarudia kila baada ya masaa mawili, kwa hiyo ya asubuhi nyumbani haimfikishi mchana. Sisi chupa moja inakaa ofisini kwangu, mbali na dirisha kwa sababu joto linaiharibu, na mtoto anajipaka wakati wa mapumziko ya saa 4. Masikio na kisogo anasaidiwa na rafiki yake. Na ukiona kidonda kwenye ngozi yake kimemaliza mwezi hakijapona usimpe dawa ya kupaka, mpeleke hospitali.

Darasani pia, wengi wao macho hayaoni mbali na mwanga unawaumiza, muweke mbele karibu na ubao ila asikae anatazama dirisha, na akisogea mpaka mbele kabisa kusoma ubaoni mwache asogee.

Haya, chakula. Hapa najua kamati nyingi zinakwama kwenye michango. Toka 2016 elimu ya msingi ni bila ada na wazazi wengine wakaelewa kwamba hata chakula ni bure, ukiitisha kikao Januari ukiomba hela unaambiwa serikali si imesema. Siri ni msimu. Sisi tunaomba mahindi na maharage mwezi wa 6 na wa 7 watu wanapovuna, debe linatoka bila kelele kwa mtu ambaye Januari asingetoa hata elfu mbili. Mzazi aone na daftari, kila debe linaandikwa mbele yake na linasomwa kikaoni, manake michango mingi inaharibiwa na kutoaminiana na wala sio umaskini.

Ila ukipokea mahindi kagua. Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, na sumukuvu haiondoki kwa kupika, hata uchemshe siku nzima. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyonyauka yachambuliwe yatolewe, yaliyobaki yakaushwe vizuri juu ya turubai sio chini kwenye udongo, magunia yakae kwenye chaga na yasiguse ukuta.

Kwenye makande sisi tunaweka debe 1 la maharage kwa madebe 2 ya mahindi. Shule nyingine maharage unayatafuta kwa tochi. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kuni zinapungua na matumbo ya watoto hayajai gesi. Mboga za majani ziwepo hata kama ni mlenda au majani ya kunde, na bustani ya mchicha na matembele inaweza kumwagiliwa na maji ya kunawia mikono, mfereji tu. Kitu kimoja ambacho hakina gharama: maharage na mboga vina madini ya chuma lakini mwili unayachukua vizuri ukila pamoja na kitu kichachu kama chungwa, ndimu au ubuyu, na chai inayazuia. Kwa hiyo chai isiambatane na chakula cha mchana.

Uji. Mpishi wetu alikuwa anaweka sukari kwa mkono mzito kwa sababu anawapenda watoto, huwezi kumlaumu. Tulipunguza kidogo kidogo, wiki hii kikombe, wiki ijayo kikombe kingine, na tukaanza kutia unga wa ubuyu na karanga zilizosagwa, hakuna mtoto aliyelalamika. Tungekata siku moja wangegoma. Ubuyu nausema ule wa unga mweupe unaotoka mtini, sio ule mwekundu wa kwenye vifuko, ule ni pipi iliyojificha. Soda ya mililita 350 nayo ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na hii usiwahubirie, chukua chupa tupu ya soda, pima vijiko 9 umwage ndani mbele ya darasa, kimya kinatanda.

Sasa wauzaji wa getini. Tulishawahi kuwafukuza. Kilichotokea wakahamia nyuma ya vyoo, biskuti zikawa zinapitishwa kwenye michongoma, mtoto anaingiza mkono na shilingi 100 anatoka na biskuti na mikwaruzo. Kina mama wale ni majirani na wengine watoto wao wanasoma hapo hapo, ukiwafukuza unawafukuza wazazi. Tukawaita wakae na kamati. Makubaliano yakawa hivi, anayeuza mihogo ya kuchemsha, karanga, mahindi, papai, tikiti au embe za msimu anakaa ndani ya geti chini ya mti bila kutoa chochote, anayetaka kuuza soda, jojo na juisi za unga akae mbali huko barabarani kwenye jua. Ndani ya muhula mmoja wengi walihamia kwenye mihogo wenyewe. Wawili hawakukubali na mpaka leo wako barabarani, maisha yanaendelea. Kila muuzaji awe na ndoo ya maji ya kunawa na kifuniko cha kuzuia nzi, hilo halina mjadala.

Mazoezi sitayaongelea sana, watoto wanajua kucheza kuliko sisi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 kila siku za kutoka jasho, na mtoto anayetembea haraka kilomita mbili kuja shule tayari kaanza. Mchakamchaka wa saa 1 asubuhi urudi kwa shule zilizouacha, dakika 15 zinatosha, wakati wa Ramadhani waliofunga watembee tu. Mapumziko ni rede, kuruka kamba na nage, kivulini kama uwanja unaruhusu. Chandimu na mpira wa pete viwe baada ya saa 9 na nusu, na maji yawepo, pipa lenye koki na vikombe, sio mtoto aende kuomba kwa jirani.

Tatizo langu na michezo ya shule ni kwamba inakuwa ya wale kumi na mbili wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, wengine mia nne wanakaa pembeni wanashangilia. Uwanja ugawanywe, siku mbili za wiki wavulana hawagusi upande wa juu, ni wa wasichana, la sivyo mpira wa wavulana unameza kila kitu. Na yule mtoto mwenye ualbino naye acheze, usimwonee huruma ya kumkalisha. Mpira uwe wa rangi kali, wa njano au wa chungwa ili auone, na acheze jioni. Wa kwetu ni kipa, anadaka kuliko watoto wa walimu.

Mwisho ni likizo, hapa ndo kazi yote inaweza kuharibika. Mtoto anaenda kwa babu kulima au kuchunga wiki nne nzima juani. Kabla ya kufunga shule muite mzazi au bibi, mpe chupa ya losheni mkononi, angalieni wote tarehe ya kuisha matumizi, na muelewane mtoto aende shamba alfajiri arudi kivuli kinapofikia urefu wake. Bibi wa yule mtoto wangu alisikiliza yote hayo, akaniuliza swali moja tu, na siku ya mawingu je. Nikamwambia bibi, mawingu hayazuii, apake vile vile.