Mume anapokushikia makaratasi: jinsi ya kujiombea ukaazi Marekani

"Ukiita polisi naondoa faili lako, urudi kwenu." Kitisho hiki kinauma kwa sababu nusu yake ni kweli: ombi la I-130, ambalo mume hulipeleka Uhamiaji ili mkewe apate ukaazi, ni lake, na anaweza kuliondoa. Asichokuambia ni kwamba tangu 1994 sheria ya VAWA, ya Marekani dhidi ya ukatili kwa wanawake, inamruhusu anayeteswa kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila saini ya mume, na Uhamiaji hawaruhusiwi kumpa taarifa zako. Fomu hiyo haina ada. Waume wanaoteswa na wake zao nao wamo, na hata mzazi anayeteswa na mwanawe raia aliyetimiza miaka 21.

Anza na hadhi ya mtesaji, maana lazima awe raia au mwenye grini kadi. Kama yuko kwa viza ya masomo au kazi, muulize wakili kuhusu viza ya U, ya waathirika wa uhalifu. Hiyo hutaka polisi au mwendesha mashtaka athibitishe kwa saini kwamba umesaidia katika kesi, na kwa kuwa hutolewa 10,000 tu kwa mwaka, foleni yake ni ya miaka. Mwenye grini kadi ya muda ya miaka 2 hutumia I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, na kwa sababu ya mateso anaweza kuipeleka peke yake wakati wowote.

Kwenye I-360 utathibitisha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, mliishi pamoja, uliteswa, na una mwenendo mwema. Mateso si kipigo peke yake. Kukuficha pasipoti, kukufungia ndani, kukutishia kila siku kwa Uhamiaji, vyote huhesabiwa vikionyesha ukatili uliokithiri.

Wengi wetu hukwama kwenye ndoa yenyewe. Karatasi ya msikitini au kanisani haitoshi kama ndoa haikusajiliwa. Kwa ndoa ya Tanzania Bara, ndugu aulizie cheti RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama wewe au yeye mliwahi kuoa au kuolewa kabla, leta hati ya talaka iliyosajiliwa, si talaka ya mdomo. Ukigundua alikuwa na mke mwingine nawe hukujua, usikate tamaa: sheria inamlinda aliyeamini kwa dhati kuwa ndoa yake ni halali. Kila hati ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Ripoti ya polisi, picha za majeraha na amri ya ulinzi ya mahakama husaidia, ila kukosa ripoti hakukufungii mlango, kwani sheria inataka ushahidi wowote unaoaminika. Ndiyo maana maelezo yako ya kiapo ndiyo moyo wa faili. Yaandike kwanza kwa Kiswahili, kisha yatafsiriwe. Ukisaini Kiingereza usichokielewa, utajipinga kwenye usaili. "Alikuwa mkali" haimwambii ofisa kitu. Andika hivi: "Usiku wa Idi alininyang'anya simu nikiongea na mama, akaipiga ukutani, akanivuta nywele hadi jikoni. Mtoto alikuwa anaangalia." Usiongeze chumvi. Kama huikumbuki tarehe, taja msimu.

Ombi huharibika kwa mambo machache. Kuolewa tena kabla I-360 haijakubaliwa huliua. Talaka hailiui, mradi inahusiana na mateso na uombe ndani ya miaka 2. Usisafiri nje bila kumuuliza wakili. Na usimpe faili "mjuaji wa fomu" wa mtaani: ni wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, basi.

Barua zote ziende kwenye anwani ambayo mume hafungui sanduku lake, kwa mfano ya wakili. Nakala za vyeti na pasipoti ya watoto ziwe kwa mtu unayemwamini kabla hujaanza. Simu ya msaada kwa wanaoteswa nyumbani, 1-800-799-7233, hupokelewa saa 24 na unaweza kuomba mkalimani. Ipige kwa simu ambayo yeye haikagui.