Omba muhtasari wa matibabu kabla faili halijapotea

Kama ulitibiwa saratani ukiwa kijana na umeshamaliza dozi, rudi kliniki uombe muhtasari wa matibabu: majina ya dawa, jumla ya dozi, na sehemu ya mwili uliyopigwa mionzi. Upige picha kwa simu, maana mafaili ya karatasi tunayajua. Ile dawa nyekundu inayogeuza hata rangi ya mkojo, doxorubicin, inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na daktari mgeni hawezi kujua ulipewa kiasi gani kwa kukutazama tu. Dada unayepanga kubeba mimba, mwonyeshe daktari muhtasari huo mapema, uulizie kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ukianza kuhema kwa ngazi chache au miguu ikivimba, usisingizie kukosa mazoezi.