Somo: Chaja ya kompyuta mpakato ukiwa ugenini

Habari zenu wapendwa. Wanaokwenda kusoma Uturuki au India, na wanaofuata mzigo Guangzhou, huuliza jambo lilelile: chaja yangu itakubali umeme wa huko? Nyingi zinakubali. Hatari kubwa iko kwenye kiungio: adapta za bei chee na plagi zinazocheza ndani ya soketi.

Hatua ya 1: Soma kibandiko. Geuza lile boksi jeusi la chaja utafute neno INPUT. Likifuatwa na 100-240V, 50/60Hz, tulia. Boksi hilo linapokea volti 100 za Japani, 120 za Marekani na 230 za Tanzania, na linajirekebisha lenyewe. Usinunue transfoma. Ukikuta volti za aina moja tu, mfano 120V, usiichomeke kwenye umeme wa 230.

Ruhusa hiyo ni ya chaja, si ya kila kitu kilicho begini. Pasi, birika na mashine ya kukausha nywele mara nyingi ni za volti moja. Mashine ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka Nairobi inapata karibu mara mbili ya umeme wake, na inaungua.

Hatua ya 2: Jua soketi ya uendako. Uingereza, Oman, Dubai na Uganda wanatumia pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo hapo huhitaji kitu. Ukivuka kwenda Kigali au Bujumbura unakuta matundu mawili ya duara, na ndivyo ilivyo Ujerumani, Ufaransa na Uturuki. Afrika Kusini wana pini tatu nene za duara. Marekani na Japani ni pini mbili bapa nyembamba.

Hatua ya 3: Nunua kamba, si adapta. Hapa ndipo ninaposisitiza. Adapta haibadilishi volti, inabadilisha umbo la pini tu, na kila kiungio unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea na kupata moto. Tazama boksi la chaja: mara nyingi kamba inayokwenda ukutani inachomoka. Tundu lake huwa kama jani la pande tatu, au kama namba 8. Chomoa kamba yako, nenda nayo dukani ukifika, uombe inayofanana nayo yenye plagi ya nchi ile. Tatizo limekwisha, na kama kamba yako ina waya wa ethi (ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja), unabaki kazini. Ya namba 8 haina ethi.

Ukilazimika kutumia adapta, chagua inayobana vizuri na yenye ethi, na boksi likae sakafuni, lisining'inie ukutani.

Na ile tabia yetu ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie kwenye soketi ya tatu, tuiache, nyumbani na ugenini. Tundu lile likifunguka, ndipo vifuniko vya matundu ya umeme vinapofunguka, na pini za duara haziketi sawasawa mle ndani. Zinacheza, zinatoa cheche, plastiki inayeyuka.

Hatua ya 4: Gusa. Baada ya nusu saa weka mkono. Boksi kuwa na uvuguvugu ni kawaida, lakini plagi au adapta ikiwa ya moto, zima soketi kwanza ndipo uchomoe. Usichajie juu ya godoro wala chini ya blanketi.

Hatua ya 5: Ndegeni. Pawabenki ibebe mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaokabidhi. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme uliohifadhiwa ndani). Ya mAh 20,000 ina takriban 74.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kompyuta yangu ya bati inanipiga shoti kidogo nikiigusa inapochaji huku Istanbul. Nitakufa?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, lakini usipuuze. Huenda unatumia plagi ya pini mbili isiyo na ethi, hivyo umeme mdogo unaovuja kwenye chaja unapitia kwako. Kama tundu la chaja yako ni la pande tatu, nunua kamba yenye ethi. Ikiendelea, au ikiuma kwa nguvu, acha kuitumia umpelekee fundi.

*Kaka, shemeji ameniletea ekstensheni nzuri ya Marekani yenye kinga ya umeme. Niitumie Mwanza?*

Hapana, dada. Ikiandikwa 125V, kile kifaa cha kinga kilichomo ndani kitaona umeme wetu kama hitilafu, na kinaweza kuwaka moto. Nunua ya 250V hapo hapo Mwanza.

*Chaja imekufa nikiwa Guangzhou. Dukani ipo ya volti 19 kama yangu, ila ampia ni 4.74 na yangu ilikuwa 3.42. Nichukue?*

Chukua, mradi ncha ni ileile na alama za chanya na hasi zimepangwa vilevile. Volti lazima zilingane. Ampia zikizidi hakuna neno, kompyuta huvuta inachohitaji tu. Zikipungua ndipo chaja inapochemka. Kama tundu lako ni la USB-C, angalia wati: zisipungue za chaja ya mwanzo.