Kusafisha Meno ya Mbwa na Paka Nyumbani

Wengi tumezoea kuamini kwamba mdomo wa mbwa au paka lazima unuke. Harufu ya uozo kinywani mwa mnyama si maumbile yake. Mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi, na inastahili kuchukuliwa kwa uzito kwa sababu mnyama huendelea kula hata akiwa na maumivu makali. Paka wangu hakuacha kula hata siku moja. Alichofanya ni kuinamisha kichwa upande mmoja kila alipotafuna dagaa, kisha kumwangusha na kumwokota tena, nami nilidhani anacheza, mpaka nilipomwinua mdomo nikaona ufizi mwekundu ukivuja damu kando ya gego.

Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga juu ya meno. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ukoga mgumu wa manjano au kahawia, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kuuwahi utando huo ungali laini, na ndiyo maana kupiga mswaki kila siku kunafaa kuliko kusugua kwa nguvu mara moja kwa wiki.

Usianze na mswaki. Kwa siku kadhaa za mwanzo, mguse mnyama mashavu akiwa ametulia, inua mdomo wa juu kidogo, kisha umwachie na kumsifu. Akishazoea, funga kitambaa safi cha pamba kwenye kidole, kiloweshe kwa maji na upanguse meno taratibu. Ndipo ulete mswaki laini wa mtoto mchanga, nao uulaze kidogo ili ncha za nywele zake zifike pale jino linapokutana na ufizi. Mbwa mzima ana meno 42 na paka ana 30, lakini huna haja ya kumpanua kinywa ili uyafikie yote: shughulika na upande wa nje, hasa magego ya juu, kwa kuwa mate humiminika karibu nayo na ukoga hupenda kuanzia hapo. Upande wa ndani husaidiwa na ulimi. Akigeuza kichwa au kunguruma, acha. Sekunde 30 za utulivu zina faida kuliko dakika tano za kushikana.

Dawa ya meno ya binadamu isitumike kamwe. Mnyama hawezi kutema, kwa hiyo huimeza pamoja na floraidi yake, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kiungo cha kutia utamu kinachoweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuharibu ini lake. Tafuta dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, na ukiikosa, maji matupu yanatosha, kwani kinachoondoa utando hasa ni kule kusugua.

Mifupa migumu ya ng'ombe, ambayo wengi humpa mbwa wakidhani inamsafisha meno, hupasua gego kubwa la juu. Kipimo chepesi ni kukibonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba: kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake.

Ukoga uliokwisha kuganda usiukwangue kwa kisu wala msumari, maana utaukwaruza uso wa jino na kuuacha uchafu ulio chini ya ufizi, ambao ndio wenye madhara zaidi. Daktari wa mifugo huusafisha mnyama akiwa amepewa nusukaputi. Mpeleke pia ukiona jino linalotikisika, mate yenye damu, au uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi hudhaniwa ni jeraha la kupigana kumbe ni usaha kwenye mzizi wa gego. Wakati unasubiri kumfikisha huko, usimtulize kwa dawa zako za maumivu: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.