Vinsanto ya Santorini: kuanika, kukamua na kuchachua zabibu za kilo 100

Vinsanto ni mvinyo mtamu wa kisiwa cha volkano cha Santorini, Ugiriki. Utamu wake wote hutoka kwenye zabibu nyeupe zilizoanikwa juani. Sukari haiongezwi hata kijiko. Wengi hudhani jina lina maana ya "mvinyo mtakatifu", na kweli Kanisa la Orthodoksi la Urusi liliutumia sana madhabahuni, lakini asili yake ni "vino di Santorini", mvinyo wa Santorini. Kanuni za jina hilo zinadai angalau asilimia 51 ya zabibu ziwe Assyrtiko, zinazobaki kwa kawaida ni Aidani na Athiri, kisha mvinyo ukae kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 2.

Vipimo vya hapa ni vya familia inayoanza na kilo 100 za zabibu mbichi. Zitakupa takriban lita 30 za juisi, na mara nyingi hupungua hapo.

Hatua ya 1: Kuvuna

Mavuno ya Santorini huanza mapema, mwezi Agosti. Zabibu za Vinsanto huachwa nyuma kidogo ya zile za mvinyo mkavu, hadi sukari ifike gramu 230 hadi 250 kwa lita. Mizabibu ya kule haijasimama kwenye waya. Matawi husukwa mviringo chini ardhini mithili ya kikapu, mtindo uitwao kouloura, ili upepo mkali wa kaskazini usivunje machipukizi na mchanga usikwaruze matunda. Kwa hiyo mvunaji huinama au hupiga magoti kila mzabibu. Anza alfajiri, kata kishada kwa mkasi, kung'uta majivu na vipande vya pumisi (mawe mepesi ya volkano), kisha weka kwenye kreti zisizo na kina ili vishada visigandamizane.

Kagua kila kishada hapo hapo. Tunda lililopasuka litoe. Likianikwa na mengine, litaanza kuwa siki kabla halijakauka na kuambukiza majirani zake.

Hatua ya 2: Kuanika

Mvinyo huu huamuliwa uwanjani. Kazi ya ghalani ni kutouharibu tu. Ukikosea kuanika, hakuna pipa litakalokuokoa.

Chagua sehemu yenye mteremko mdogo inayotazama kusini, ipate jua tangu asubuhi na upepo usizuiwe. Tandika nyavu au mikeka na upange vishada safu moja tu, visilaliane. Kuanika huchukua siku 6 hadi 14 kulingana na joto na upepo. Geuza vishada siku ya tatu, halafu kila baada ya siku mbili. Bila kugeuza, upande wa chini hubaki na maji, na hapo ndipo kuvu huingia.

Jioni funika kwa kitambaa cha pamba au magunia, kwa sababu ukungu wa baharini hushuka usiku na umande wake hurudisha maji uliyoyapoteza mchana. Usifunike kwa nailoni: zabibu zitatoa jasho na asubuhi utakuta kuvu. Mchana, wavu mwepesi juu yake huzuia nyigu.

Utajuaje zimetosha? Usitegemee macho. Siku ya kwanza pima kilo 10 kamili, ziweke kwenye trei yake katikati ya uwanja, na uipime kila jioni. Ikishuka hadi kilo 6.5 au 7, anua zote. Minya tunda moja: ganda liwe la kahawia na lenye mikunjo, na juisi ivutike kati ya vidole kama asali. Ukikuta tunda linatafunika kama zabibu kavu za dukani, umechelewa; juisi itakuwa kidogo na chachu itashindwa kuianza.

(Anayetaka kujaribu hivi Dodoma atumie mavuno ya Agosti na Septemba, siyo ya Machi, maana mvua itamharibia uwanja. Zabibu nyeupe ya Chenin Blanc inayolimwa kule yafaa kuliko zabibu nyekundu, mradi ivunwe ikiwa bado na ukali.)

Hatua ya 3: Kukanyaga na kukamua

Katika kanava, ghala la mvinyo lililochongwa ndani ya majivu magumu ya volkano, kuna sakafu ya kukanyagia iitwayo patitiri, na juisi huteremka hadi kwenye tangi la chini. Asiye na patitiri atumie beseni pana na miguu safi. Toa vikonyo vikavu kwanza, la sivyo mvinyo utakuwa na uchungu. Usitumie blenda: ikipasua mbegu, uchungu ni ule ule.

Ukishakanyaga, acha zabibu zilowe kwenye juisi yake saa 12 hadi 24 mahali pa baridi. Sukari iliyoganda chini ya maganda itayeyuka. Kisha kamua kwa mashine ya skrubu, taratibu: kaza, pumzika dakika 10, kaza tena. Tibua machicha, ukamue mara ya pili.

Sasa pima. Hidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa juisi ukilinganishwa na maji (1.000), nyingi za mvinyo huishia karibu 1.170, na juisi nzito huifanya ielee vibaya. Changanya kipimo kimoja cha juisi na kimoja cha maji kwenye glasi ya kupimia tu, soma, kisha zidisha mara mbili tarakimu zinazofuata 1. Ukisoma 1.075, juisi yako ni karibu 1.150, yaani gramu 370 hivi za sukari kwa lita. Lenga gramu 370 hadi 420.

Hatua ya 4: Kuchachua

Hapa ndipo wengi hukwama. Juisi nzito huivuta maji chachu hadi inyong'onyee, na chachu iliyoelemewa hutoa asidi ya siki. Usiimwage kavu juu ya juisi.

Kwa lita 30 chukua gramu 12 za chachu ya mvinyo inayostahimili sukari nyingi. Iloweke kwenye mililita 120 za maji ya nyuzi 37 kwa dakika 20. Ongeza kiasi hicho hicho cha juisi, subiri ianze kutoa povu, ongeza tena maradufu, na uendelee hivyo hadi ufikishe lita 2 zinazochemka vizuri. Ndipo umimine kwenye chombo kikubwa. Tofauti ya joto kati ya kianzio na juisi isizidi nyuzi 10.

Jaza chombo robo tatu tu, funga kwa kizibo cha maji (kinachotoa gesi bila kuingiza hewa), na weka nyuzi 18 hadi 22. Kazi huenda polepole: wiki 6, pengine miezi 3. Itasimama yenyewe pombe ikiielemea chachu. Hesabu ni rahisi, gramu 17 za sukari kwa lita hutoa asilimia 1 ya pombe. Juisi ya gramu 410 ikifika asilimia 12 imetumia gramu 204, na zimebaki gramu 206 za utamu. Utamu huo haukinai kwa sababu Assyrtiko hutunza ukali wake hata juani. pH yake, kipimo cha ukali (namba ndogo ni kali zaidi), mara nyingi iko karibu 3.

Ukinusa harufu ya rangi ya kucha, hewa imeingia. Jaza chombo hadi shingoni na upunguze joto. Harufu ikizidi, usihangaike. Una siki nzuri ya kachumbari.

Hatua ya 5: Pipa

Mvinyo ukitulia, uhamishe kwa mpira ukiacha mashapo chini. Weka gramu 1 ya potasiamu metabisulfiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo, kwa kila lita 10. Tumia pipa kuukuu la mwaloni, kwani jipya litafunika kila kitu kwa harufu ya vanila. Lijaze maji siku 2 au 3 mbao zivimbe na mivujo izibe, kisha umwage maji yote.

Pipa dogo hupoteza mvinyo haraka, kwa hiyo kagua kila mwezi na ujazie kwa Vinsanto ya mwaka uliotangulia kama unayo. Rangi itatoka dhahabu hadi kahawia, na harufu itaelekea tini kavu na kahawa.

Hatua ya 6: Kupakia chupani

Chuja vizuri, ujaze chupa ndogo za mililita 375 au 500. Kabla ya kufunga zote, funga mbili na uziweke chumba chenye joto wiki 4. Kizibo kikisogea au mapovu yakionekana, chachu bado i hai: rudisha zote pipani na usubiri.