Kutoa kutu kwenye randa na misumeno ya zamani bila kuiua

Wakuu, mwezi uliopita kuna kijana kaniletea randa ya chuma, Record namba 04, zile za Sheffield kule Uingereza, ya marehemu babu yake aliyekuwa seremala wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ile iliyovunjika 1977. Imekaa uvunguni Tanga miaka na miaka, na hewa ya chumvi ya pale mnaijua wenyewe, imekuwa nyekundu kama imeokotwa shambani. Akaniambia fundi ipige grenda ing'ae. Nikamwambia kaa kwanza hapo kwenye benchi, grenda hapana.

Na sio kwamba naringa. Mimi mwenyewe niliwahi kuua msumeno wa mjomba, Disston wa Philadelphia, Marekani. Nikafunga brashi ya waya kwenye grenda, dakika mbili tu bapa lote jeupe, nikajiona bingwa. Ile misumeno ina maandishi ya kiwanda yamechorwa kwa asidi kwenye bapa, membamba kweli, na mimi nimeyafuta yote. Mjomba akaja akaugeuza, akapitisha kidole pale yalipokuwa, akaurudisha mezani hakusema neno. Sijawahi kurudia.

Sasa kitu cha kuelewa kabla hujashika chochote: kutu ziko mbili. Ile nyekundu ya unga ndo inashika unyevu na kuendelea kula chuma, hiyo inatoka. Chini yake mara nyingi kuna weusi weusi umeng'ang'ania, hata ukikwangua kwa kucha hautoki. Huo weusi nao ni oksidi ya chuma ila umetulia, hauli, na ndo unaipa kifaa sura ya uzee wake, uache. Tunatafuta chuma kisafi cheusi-kijivu, hatutafuti kioo.

Hatua ya 1: fungua. Piga picha kwa simu kila kipande kabla hujakitoa. Skrubu zikigoma zitie mafuta ya taa ulale nazo mpaka asubuhi, usilazimishe, na bisibisi ijae kwenye mfereji wote wa skrubu maana ikiwa nyembamba itaung'oa. Nyuzi za hizi randa si za kawaida, ukiharibu skrubu moja utazunguka maduka yote ya hadiwea hupati mwenzake. Na ile nati ya shaba ya kupandishia na kushushia kisu imekatwa kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine zinafungia, watu wengi wanavunja pale kwa kudhani imeganda.

Hatua ya 2: osha. Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, nje penye hewa na mbali na jiko. Grisi iliyokauka na vumbi la mbao vikitoka utashangaa nusu ya ulichodhani ni kutu ni uchafu tu.

Hatua ya 3: wembe. Hapa ndo penyewe. Wembe wa kawaida wa dukani, uvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake kama vinyozi wanavyofanya, halafu ubane kwenye kipande cha mbao upate pa kushika. Vaa glovu. Paka mafuta ya cherehani sehemu unayoanza, laza wembe karibu ulale kabisa, ukiusimamisha utachora mistari, kisha sukuma mbele taratibu kama unaondoa stika kwenye kioo. Kutu inakusanyika mbele ya makali kama tope la kahawia, futa, paka mafuta, endelea. Utasikia kabisa kwa mkono: penye kutu wembe unakwaruza, ukifika kwenye chuma unateleza kimya. Ukisikia kimya acha hapo hapo, usiendelee kwa sababu tu una hamu.

Kwenye ile randa ya kijana nikiwa nakwangua ubavu wa kushoto zikaanza kutokea herufi mbili zimegongwa kwa ncha ya msumari, hazijanyooka. Za babu yake, maana zamani mafundi karakana moja kila mtu alitia alama kifaa chake kisiibiwe. Kijana akaacha simu akasogea.

Hatua ya 4: sugua kidogo. Palipobaki tumia stilwaya laini kabisa (ile ngumu ya kusugulia masufuria inachora) pamoja na mafuta. Soli ya randa, yaani ule upande wa chini unaoteleza kwenye mbao, unaweza kuipitishia msasa wa maji namba 400 uliozungushiwa kibao bapa, kwa kufuata urefu wake tu, usizungushe mviringo. Msumeno nao kibao bapa, namba 600, mkono mwepesi, na ukifika sehemu ya maandishi unapita mara mbili tatu unafuta unaangalia, herufi zitabaki nyeusi na bapa linafunguka kuzizunguka. Zikianza kufifia umeshapitiliza.

Siki je? Inafanya kazi, ila mimi naitumia kwa vitu vidogo tu, skrubu na patasi iliyoliwa vishimo, saa chache huku nachungulia. Ukisahau usiku mzima chuma kinatoka kijivu kimefubaa, kile cheusi cha uzee kimeondoka chote. Shaba usiitumbukize pamoja na chuma, na mbao usitumbukize kabisa. Ukitoa, chovya kwenye maji yenye magadi, yale ya kupikia maharage, yanazima ukali wa siki, suuza, kausha SAA HIYO HIYO na upake mafuta, maana chuma kikitoka kwenye asidi kinarudisha kutu ya rangi ya chungwa ukiwa unakiangalia. Soda nyeusi nayo inatoa kutu kwa sababu ina asidi ya fosforiki, lakini ni kidogo na sukari yake inanata, bora uinywe. Na wale wa maji ya betri, jamani, mvuke wake unachoma kifua na chuma kigumu kama cha patasi kinaweza kuwa chepesi kukatika. Achaneni nayo.

Vishikio vya mbao: futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, paka mafuta ya kitani (linseed) kidogo sana. Tambara lenye mafuta hayo litandaze nje likauke, ukilikunja ukalitupa kwenye pipa linaweza kupata moto lenyewe, sio utani.

Hatua ya mwisho: kinga. Mafuta ya cherehani, tone mbili kwenye tambara, futa kifaa chote mpaka ukigusa usione alama ya kidole ikilowa. Kwa wa pwani mimi naongezea nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta hayo hayo, sufuria ndani ya sufuria ya maji, usiweke moja kwa moja kwenye moto. Mafuta ya kupikia msipake, mengi yanaganda yanakuwa gundi. Usihifadhi kwenye mfuko wa nailoni wala juu ya sakafu ya saruji, na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, tia kwenye boksi la vifaa vinyonye unyevu.

Ile randa ilinichukua mchana mmoja na wembe sita. Kijana kaondoka nayo imefungwa kwenye kanga ya bibi yake, nimemwambia kila akimaliza kuitumia afute jasho la mikono na aipake mafuta, na uvunguni marufuku.